Mtoto Asiyehesabiwa

Mimi watu wa Majengo ya Nyeri wananijua. Nikiwa na neno silali nalo. Nitalisema papo hapo, awe ni imamu, awe ni karani wa mji aliyekuja kukagua mitaro. Marehemu mume wangu Abdulkadir, fundi viatu, Mungu amrehemu, alikuwa akiniambia, "Mwanabibi, ulimi wako ungekuwa sindano, ningeshona viatu vya mji mzima." Kwa hiyo mkisikia kwamba kuna siku nilipiga magoti nyuma ya ua nimefungua mdomo na neno halikutoka, mjue siku hiyo haikuwa ya mchezo.

Ilikuwa siku ya mtihani wa Watiri.

Watiri alikuwa mpangaji wangu. Alitoka Tetu na godoro limefungwa kamba na mtoto mgongoni, miaka ile baada ya Uhuru ambapo kila kanisa na kila kijiji kilifungua nasari ya harambee, na walimu hakuna. Mumewe Kingori alipasua mbao huko Nanyuki, akija ni mwisho wa mwezi. Watiri alikuwa amepata nafasi kwenye kozi ya malezi ya watoto wadogo. Unasoma miaka miwili, unapewa cheti, na ukiwa na cheti unaandikwa kazi nasari.

"Malezi?" nikamuuliza siku hiyo ya kwanza, hata godoro halijatua. "Mtu anasomea kulea? Na huyo uliyembeba alilelewa na nani, ng'ombe?"

"Mama, ni huyu amenisumbua mpaka nikaona heri niende nisome," akanijibu.

Nikampenda hapo hapo.

Mtoto aliitwa Ngatia. Ni jina la baba mkwe wa Watiri, na kwa heshima ya jina hilo mama mtu alimwita Mzee. "Mzee, kuja unawe." "Mzee, toa hiyo kwa mdomo." Na Mzee mwenyewe wakati huo hata kufunga kifungo hajui, kamasi mpaka kidevuni. Mama yake akienda darasani, Ngatia alibaki kwangu, kando ya jiko langu la mahamri, juu ya kigoda alichokalia Abdulkadir akishona viatu. Mimi Mungu hakunijalia mtoto. Nalisema waziwazi kwa sababu wengine hulinong'ona nikipita. Mtu akiniuliza, "Mama, una watoto wangapi?" nilikuwa namuuliza yeye kama bei ya sukari imepanda. Basi Ngatia akaanza kuniita Cucu, yaani nyanya kwa kwao. Mara ya kwanza kuniita hivyo niliunguza karai zima.

Msifikiri kusoma kwake kulikuwa kitu chepesi. Nilimwona kwa macho yangu. Anaandika kwa magoti sakafuni, Ngatia amempanda mgongoni anamwendesha kama punda. Akimlaza, mtoto anaamka kitabu kikifunguliwa, utadhani kilikuwa na kengele. Na kila alichofundishwa alikileta nyumbani kumjaribia mwanawe. Leo ati mtoto asipigwe kofi, aelezwe. Kesho ati mtoto apewe mashati mawili achague moja.

"Achague shati!" nikasema. "Hapa Nyeri, mwezi wa saba? Baridi ndiyo inayochagua!"

Ngatia akachagua yote mawili, moja akalivaa miguuni.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," nikamwambia Watiri.

"Hiyo haiko kwa kozi, Mama."

"Basi kozi yenu ina tundu."

Ubishi wetu ulikuwa hivyo kila siku. Kuhusu jiko ndiko tulikokaribia kukosana. Mimi mtoto akisogelea mafuta nampiga kibao cha mkono, basi. Watiri akaniomba nisimpige. Akamchukua, akachuchumaa naye mbali kidogo, akamwonyesha moshi, akatia tone la maji kwenye mafuta yakalia, akamwambia, "Mzee, hii ni moto. Inachoma. Watoto wanakaa kwa kiti mpaka Cucu aseme." Akarudia tena na tena, kesho na keshokutwa, bila kuchoka. Mimi nikageuza macho. Maelezo kwa mtoto wa kamasi!

Mtihani wa kuandika Watiri aliupita vizuri. Wa vitendo ndio uliomwangusha. Katika mtihani huo unakaa asubuhi nzima na watoto wa nasari mbele ya mkaguzi: unaimba nao, unawatoa nje wacheze, unawarudisha ndani wanywe uji. Na kuna kanuni moja kubwa kuliko zote. Kila watoto wakitoka au wakiingia, mwalimu awahesabu kwa sauti. Watiri aliimba, akacheza nao, watoto wakamfuata kama vifaranga. Walipofika mlangoni akawapitisha kimya kimya.

"Wako wangapi?" mkaguzi akamuuliza.

"Wako wote, bwana."

"Nimeuliza wangapi."

"Wote wako."

Akaangushwa hapo hapo. Aliponisimulia nilipandwa na hasira mpaka nikatupa mwiko. "Wewe mwanamke! Mahamri yangu unayahesabu hata ukisinzia! Watoto ndio wamekushinda?"

Akakaa kwenye kigoda cha Ngatia, akaniambia. Kwao watu hawahesabiwi. Ng'ombe hawahesabiwi, sembuse watoto. Ukihesabu unaita mkosi. Ukimuuliza mama ana watoto wangapi, atakutajia majina yao mmoja mmoja, nambari hatakwambia. Nilitaka kucheka, ingawa sisi nasi tuna ya kwetu ya kijicho. Lakini alikuwa hajamaliza.

"Wakati wa Hali ya Hatari, Mama, tulifungiwa kijijini, handaki pande zote. Jioni askari walikuwa wanatuhesabu kwa lango. Siku moja hesabu ikapungua mmoja. Alikuwa ndugu yangu mdogo, alienda kutafuta mbuzi yetu. Hakurudi. Tangu siku hiyo mama yangu hajawahi kuhesabu hata mayai."

Nikauokota mwiko wangu.

Habari za kuanguka zilifika Tetu kabla ya yeye mwenyewe kuzizoea. Mama mkwe wake, Murugi, akashuka na chupa za maziwa na viazi vitamu. Mwanamke mzuri, siwezi kumsema vibaya. Ana kahawa, ana ng'ombe, ana mgongo unaomuuma, na mke wa mwanawe yuko mjini anajifunza kuimba na watoto wa wenyewe. Wakakubaliana chumbani mwangu, wakinywa chai yangu. Watiri ajaribu mara moja tena. Akipita, nasari ya hapo Majengo itamwandika, atakaa mjini na mtoto wake. Akianguka, afunge godoro warudi Tetu wakalime.

Kila mtu alikuwa na haki yake, na hilo ndilo lililoniudhi. Ningepata wa kumgombeza ningepumua. Hakuna aliyeniuliza mimi naonaje. Nilimimina chai nikamtazama Ngatia pale kwenye kigoda, anachovya hamri kwenye maziwa ya nyanya yake, nikajua kwamba Watiri akianguka, kigoda kile kitarudi kuwa cha marehemu.

Nikaapa kwamba atahesabu, apende asipende.

Nikawaita watoto wa Majengo kwa mahamri, wakaja kama nzi. Nikawapanga mstari. "Haya, Watiri. Sema Bismillahi, hesabu."

"Mama, mimi ni Mkristo."

"Basi sema Baba Yetu, lakini uhesabu!"

Mwanzoni midomo ilicheza tu, sauti haitoki. Nikamwambia awaguse kichwani, mmoja mmoja, asitazame mstari mzima, atazame kichwa kilicho chini ya mkono wake. Hapo ikaanza kutoka. Alihesabu watatu akakaa chini jasho likimtoka. Jioni nyingine watano. Yakubu, mwuza nyama, akipita alisimama kututazama, akauliza kama tunanunua mbuzi au tunauza. Nilimjibu, lakini jibu lenyewe si la kusimulia mbele ya watu.

Mwishowe Watiri akawahesabu wote kwa sauti, mkono juu ya kila kichwa. Wote isipokuwa mmoja. Akifika kwa Ngatia, mkono wake ulipita hewani ukatua kwa anayefuata.

"Na huyu je?"

"Huyo wacha, Mama."

"Watiri!"

"Wa watu nitahesabu. Huyo siwezi. Usinilazimishe."

Nikamwacha. Niliona haidhuru, maana kanuni ya kozi inamkataza mwanafunzi kuja mtihanini na mtoto wake. Ngatia atakuwa kwangu. Nani atamhesabu?

Sasa, kuna jambo la nguo. Wanafunzi wa kozi ndio walioshona maovaroli ya watoto wa nasari, ya drafti ya buluu, na Watiri aliposhona yake alibakiwa na kipande, akamshonea Ngatia. Tangu siku hiyo mtoto hakuivua ila kwa vita. Analala nayo. Na wimbo ukawa mmoja tu: "Cucu, mimi nataka kuenda skuru." Nasari yenyewe ilikuwa nyuma ya nyumba zetu tu, kwenye ukumbi wa kanisa, ng'ambo ya kinjia, ua wa miiba katikati. Kutwa nzima anawasikia wenzake wakiimba.

Siku ya mtihani Watiri alikunywa chai akiwa amesimama. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati. Akamwinamia mwanawe. "Mzee, leo unakaa na Cucu. Usiende mahali."

"Ndiyo," Ngatia akasema.

Mtoto yule alikuwa hajawahi kujibu ndiyo bila kubishana. Ndiyo ile ingenishtua, lakini nilikuwa nakanda unga.

Jua lilipotoka kidogo, Yakubu akaja kununua. Akaanza ati mahamri yangu siku hizi yamekonda. Mimi! Mahamri yangu, yenye iliki inayonusika mpaka sokoni! Nikamweka sawa. Nikamkumbusha nyama yake ya Ijumaa iliyokuwa mifupa yenye kumbukumbu ya nyama. Tulirushiana maneno vizuri, akalipa, akaenda zake anacheka. Nikageuka. Kigoda kitupu.

"Ngatia?"

Nikaepua karai nikalitua sakafuni, nikaangalia uvunguni, nikaangalia nyuma ya pipa la maji, nikakimbilia chooni namwita, nikapiga milango ya majirani. Hayupo. Toba! Nilifikiria barabara na malori ya kahawa. Nilifikiria mto. Nikamfikiria Watiri anarudi ananiuliza. Nilitoka mbio kile kinjia cha nyuma, buibui mkononi, na mimi si mtu wa mbio.

Ndipo nikaona, chini ya ua wa nasari, tundu. Mbwa angepita. Na kwenye mwiba mmoja, uzi wa buluu.

Nikapiga magoti kwenye tope nikachungulia. Watoto walikuwa wanarudi kutoka kucheza, wamejipanga kwenye baraza, na katikati ya mstari, ovaroli imetapakaa matope, amemshika msichana wa mbele yake bega kama aliyezaliwa pale, alikuwa Ngatia wangu. Alhamdulillahi! Nilikaa pale matopeni nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kicheko kikakatika. Mbele yangu, hatua chache tu, alikuwa amesimama mkaguzi, Bwana Moffat, tai shingoni, viatu vinang'aa, kalamu imeshikwa tayari. Na Watiri alikuwa ameanza kuhesabu.

Alihesabu vizuri, jamani. Mkono juu ya kichwa, sauti wazi, mmoja, wawili, watatu. Vile nilivyomfundisha: macho kwenye kichwa kilicho chini ya mkono, si kwenye mstari. Midomo yangu ilikuwa inafuata. Sijui kwa nini nilidhani hatamwona. Akafika kwa Ngatia. Ngatia akamwinulia uso, akamchekea kwa meno yote. Mkono wa Watiri ukasimama hewani. Kisha ukampita, ukatua kwa anayefuata, na hesabu ikaendelea mpaka mlangoni.

"Kumi na saba," akasema.

"Wangapi?" Bwana Moffat akauliza.

"Kumi na saba, bwana."

Akatazama rejista yake. "Nasari hii ina watoto kumi na nane." Akawahesabu mwenyewe kwa ncha ya kalamu, akatikisa kichwa, na wala hakukasirika. "Kumi na nane, wametimia. Umemruka mmoja, yule pale. Ni woga wa mtihani tu, mwalimu. Nakupa nafasi. Hesabu tena."

Alikuwa mtu mwema. Angekuwa mkali ingekuwa rahisi.

Mimi nauza mahamri, hesabu ya kujumlisha na kutoa hainisumbui. Kama vichwa ni kumi na nane na kimoja ni cha Ngatia, basi kuna mtoto wa nasari hayupo. Mtoto wa mtu yuko nje. Na nilimwona Watiri usoni, naye ameshajua. Alichotakiwa ni kusema neno moja, kumi na nane. Watoto waingie, uji umiminwe, bwana atie sahihi yake aende, halafu tumtafute huyo aliyetoka kimya kimya. Cheti kipo. Kigoda kina mwenyewe. Mimi, Mwanabibi, nilifungua mdomo. Wallahi nilikuwa na neno kooni, la kupiga kelele kwamba mtoto amepotea. Na nyuma yake palikuwa na neno lingine linalisukuma: sema kumi na nane, mwanangu, sema tu. Yakakwama yote mawili.

Watiri hakukwama.

"Bwana Moffat, mimi niko na kumi na saba," akasema. "Huyu ni mtoto wangu wa kuzaa. Sijui ameingiaje. Kuna mtoto wa nasari hayuko."

Kisha akaita majina. Hakusoma popote, aliyatoa kichwani kama mama wa Tetu anavyotaja watoto wake. "Kagure!" "Niko!" "Theuri!" "Niko!" Akaenda hivyo mpaka akafika kwa Peterson. Akaita. Akaita tena.

"Ni Peterson," akasema.

Bwana Moffat alishika tai yake kana kwamba imembana. Watiri alikuwa ameshamwambia mpishi awaingize watoto na kukaa mlangoni. Akachuchumaa mbele ya mwanawe. Mimi hapo ningemtikisa mpaka meno yagongane. Yeye akamshika mikono miwili, sauti ya chini kabisa.

"Mzee. Umeona Peterson?"

"Ndiyo."

"Ako wapi?"

"Ameketi."

"Ameketi wapi, Mzee?"

"Kwa kiti yangu. Alikuwa anataka mandazi ya Cucu. Nikamwambia akae kwa kiti yangu, na mimi nikae kwa skuru yake."

"Karai!" nikapiga ukelele, sauti ikanirudia yote kwa mpigo. Wote wakageuka wakaona kichwa changu kwenye tundu la ua. "Karai langu! Mafuta! Nimeyaacha chini!"

Kumbe nilipokuwa chooni namwita mmoja, mwingine alikuwa anaingia mlango wa mbele. Nilikuwa nimelitua karai la mafuta ya moto sakafuni, kando ya kigoda kile kile, nikatoka mbio. Sijui nilifikaje nyumbani. Nilimsikia Watiri nyuma yangu akipita kwenye tundu na gauni linachanika, na nyuma yake zaidi viatu vya Bwana Moffat vinapiga tope. Nilikuwa nasema, Mola wangu nichukue mimi, nichukue mimi, mtoto wa watu usimguse.

Peterson alikuwa amekaa kwenye kigoda, magoti pamoja, mikono mapajani, kama mgeni anayengoja chai. Kati yake na karai hapakuwa na hata urefu wa mkono. Hajagusa kitu. Hata mahamri yaliyokuwa kwenye sinia hajagusa, ila macho yalikuwa hayabanduki hapo.

Watiri akamnyakua. Akamwangalia vidole, akamwangalia nyayo, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika.

"Hukushika hii?" nikamuuliza, nikionyesha karai.

"Hapana," Peterson akasema. "Ngatia amesema hiyo ni moto, inachoma. Amesema watoto wanakaa kwa kiti mpaka Cucu aseme."

Nikakaa chini sakafuni. Maelezo kwa mtoto wa kamasi! Nililia pale bila kujificha, mbele ya mkaguzi mwenye tai, nikamtilia Peterson mahamri mawili kila mkono. Hakuna aliyenicheka. Bwana Moffat mwenyewe alikuwa ameegemea mlango, anapumua, tope mpaka magotini.

Tukarudi nasari, safari hii kwa lango. Watoto walikuwa ndani wametulia, mpishi mlangoni, na Ngatia katikati yao anangoja uji kama wenzake. Watiri akamweka Peterson mahali pake, akajipangusa mikono, akamgeukia mkaguzi.

"Bwana, najua nimeanguka. Asante kwa kunipa nafasi."

"Ngoja," Bwana Moffat akasema. "Kanuni inasema mwanafunzi asilete mtoto wake. Wewe hukumleta. Huyu amejileta. Na mtoto kutoka kwenye tundu ni kosa la ua, na ua huo nitauandikia maneno makali leo hii." Akamtazama Watiri. "Mtoto kutoka na mwalimu asijue, huko ndiko kuanguka. Wewe ulijua. Mimi nilihesabu nikaona wametimia." Akafungua kalamu. "Lakini mtihani haujaisha. Watoto wameingia, hawajahesabiwa wakatimia. Hesabu."

Watiri akahesabu. Mkono juu ya kila kichwa, sauti imekauka lakini haikatiki. Alipomgusa Peterson akasema, "Kumi na nane," na machozi yakamtoka.

"Na huyu?" Bwana Moffat akauliza, akimwelekezea Ngatia kalamu, kwa upole. "Yuko chumbani mwako, mwalimu. Aliye ndani ni lazima ahesabiwe."

Mkono wa Watiri ukaenda mpaka juu ya kichwa cha mwanawe ukabaki hapo. Midomo ilifunguka, hapana kitu. Nikamwona vile alivyokuwa, kitoto langoni, jioni, anangoja hesabu itimie na haitimii. Huyu hawezi, nikajua. Na si haki kumwambia aweze. Akikaa hivyo kidogo tu, ameanguka, wameondoka.

"Mmoja!" nikasema.

Bwana Moffat akageuka. "Mama, nani amekuuliza?"

"Hakuna! Mji mzima huu hakuna anayeniuliza, ndiyo maana nasema mwenyewe. Wa mwalimu ni kumi na nane, umemsikia. Huyo ni wangu, na kwetu sisi tunahesabu. Mimi nina mtoto mmoja. Andika."

Sikujua kama nitalisema mpaka nilipolisikia. Mmoja. Miaka yote ile ya kuuliza watu bei ya sukari, na jibu lilikuwa dogo hivyo.

Bwana Moffat alinitazama, akamtazama Watiri na ule mkono wake. Naye ni mtu wa huku huku Mlima Kenya, umri wao hauachani sana. Nadhani kuna lango naye aliwahi kusimama akihesabiwa. Akainama akaandika, akisema taratibu tukisikia wote, "Wa nasari, kumi na nane. Na mmoja wa nyanya yake. Wametimia." Kisha akafunga kalamu. "Umepita, mwalimu."

Hapo mkono wa Watiri ukashuka ukatua kichwani kwa Ngatia, si wa kuhesabu, wa kumpapasa tu. Mimi nilishusha pumzi mpaka nikasikia njaa.

Uji ukamiminwa. Ngatia akanywa kikombe chake mpaka mwisho, akaja akanishika kidole.

"Cucu, mandazi yangu iko wapi?"

"Peterson amekula."

"Na kiti yangu?"

"Kiko," nikamwambia. "Twende ukakae."